Delamere Hakulima Peke Yake

Wenzangu, kwa maoni yangu tunamsifu mno Lord Delamere, ati baba wa kilimo cha ngano Kenya. Mwaka 1903 alipewa eka 100,000 kule Njoro, ng'ambo ya msitu wetu wa Mau, ambako Wamaasai walilisha mifugo. Kondoo wakamfia, ngano ikapigwa na kutu, naye akazidi kukopa tu. Ukaidi wake naukubali: aliajiri mtaalamu kutafuta mbegu inayostahimili kutu. Alikufa 1931 na madeni tele, akajengewa sanamu Nairobi, ikang'olewa 1963.

Je, maskwota waliolima na kuchunga, nani anawataja? Baba yake babu yangu alikuwa skwota kwa mzungu mwingine. Alizikwa hukohuko shambani. Kaburi lake hatulijui.