Kiingereza Hakikai kwa Neno Moja Moja

Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania husoma karibu masomo yote kwa Kiswahili, kisha akiingia kidato cha kwanza anakuta vitabu na mitihani imegeuka Kiingereza. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa miaka mingi na haujafika mwisho. Lakini ndani yake limo swali dogo lisilohitaji kusubiri sera mpya: muda uliokwisha kutengwa kwa somo la Kiingereza unatumikaje? Katika madarasa mengi msamiati bado ni orodha ubaoni, kila neno na maana yake, mwanafunzi ananakili na kukariri. Orodha hiyo inaacha nje jambo lenye uzito zaidi. Aliyekwisha kujua maneno elfu moja hukwama zaidi kwa kutojua lipi huenda na lipi, na ujuzi huo hujengeka kwa zoezi fupi la kila siku kuliko kwa kipindi kirefu cha mara moja moja.

Ushahidi wa kwanza tunao vinywani mwetu. Tunapiga simu, pasi, picha, kura na mswaki. Tunakula kiapo, hasara na njama. Hakuna kanuni ya sarufi iliyotupangia hivyo, na mtoto huyapokea maneno hayo yakiwa yameshikana tayari. Kiingereza nacho ndivyo kilivyo. Mwaka 1933 Harold Palmer, Mwingereza aliyekuwa akishughulikia ufundishaji wa lugha hiyo nchini Japani, alitoa ripoti nzima kuhusu maneno yanayoambatana. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitoa kamusi ya COBUILD, iliyotungwa kwa kuchunguza matini nyingi zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Kazi ya aina hiyo ilimfikisha Sinclair kwenye hoja kwamba msemaji, mara nyingi, huchota vipande vilivyokwisha kuungana badala ya kuunga neno kwa neno.

Asiye na vipande hivyo huazima vya lugha yake. Kitenzi chetu “kufanya” hubeba kazi ya vitenzi viwili vya Kiingereza, basi anayefikiri kwa Kiswahili huandika “do a mistake” mahali pa “make a mistake”. Mvua kubwa huwa “big rain” badala ya “heavy rain”, na kwa kuwa sisi husikia harufu, naye huandika “hear a smell”. Maneno yote hayo anayajua. Kosa limo katika kuyaoanisha. Wala si udhaifu wetu peke yetu. Nadja Nesselhauf, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2003, alichunguza insha za Wajerumani waliokwisha kupiga hatua katika Kiingereza, lugha iliyo jamaa ya Kijerumani, na akakuta lugha yao ya kwanza imechangia sehemu kubwa ya makosa ya namna hiyo. Hapo ndipo linapojibiwa dai kwamba dawa ni kusoma vitabu vingi tu. Kusoma kuna faida kubwa, ila msomaji anayekutana na “heavy rain” huelewa na kupita. Hana kilichomsimamisha atazame kivumishi. Pengo hujitokeza siku anapotakiwa kuandika mwenyewe.

Kwa nini basi kila siku, na kwa muda mfupi? Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alionyesha kwamba tunachojifunza huanza kupotea mapema sana, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushinda marudio yaliyolundikwa pamoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliongeza kwamba baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walibakiwa na mengi kuliko waliosoma tena na tena. Darasani hilo halihitaji mitambo. Daftari linagawanywa kwa mstari: kushoto “kufanya uamuzi”, kulia “make a decision”. Asubuhi mwanafunzi hufunika upande wa kulia, huandika mafungu ya jana kwa kichwa, hufunua na kujisahihisha, kisha hupokea mapya matatu na kutunga sentensi kwa kila moja. Dakika kumi zinatosha. Kwa siku nne, ya tano ikiwa ya marudio, wiki 36 za masomo huzaa mafungu 432.

Watakaopinga watasema huku ni kurudisha kukariri. Ni kweli, kukariri kumo. Tofauti ni kwamba kinachokaririwa hapa ndicho kinachotumika, na kutunga sentensi siku hiyo hiyo hukitia kazini. Wengine watauliza kwa nini tuhangaike kuiga Waingereza, ilhali Afrika Mashariki ina Kiingereza chake. Hoja hii ina uzito. Anayemwambia aliyejikwaa “sorry” amehamisha pole yetu, na sote tunaelewana. Sioni sababu ya kumsahihisha. Lakini mtahiniwa wa kidato cha nne au mwombaji kazi hupimwa na mtu anayeshika kipimo kingine, na haki yake ni kukijua kipimo hicho, kisha achague mwenyewe lini akifuate. Walimu wenye madarasa ya kufurika nao watalalamikia kazi ya kusahihisha. Ndiyo maana zoezi hili linamtaka mwanafunzi ajisahihishe, huku mwalimu akipitia madaftari machache tu kila siku.

Utaratibu huu hautamwezesha mtoto kuielewa baiolojia kwa lugha asiyoimudu, na anayeuuza kama jibu la mjadala wa lugha ya kufundishia anadanganya. Unachodai ni kidogo na kinapimika. Mwishoni mwa muhula, wanafunzi wapewe sentensi zenye pengo kutoka mafungu ya wiki ya kwanza, na darasa lililobaki na orodha za maneno lipewe mtihani uo huo. Zoezi likishindwa, liachwe. Likifaulu, mitihani yetu nayo ibadilike, maana ikiendelea kuuliza maana ya neno pekee, mwalimu mwenye busara ataendelea kufundisha maana ya neno pekee.