Udogo Si Kisingizio

Jirani yangu mmoja, mstaafu aliyewahi kuhudhuria mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya ushuru wa mazao, ana neno lake barazani: "Sisi nchi ndogo, tutafanya nini mbele ya wakubwa?" Wenzangu huitikia kwa kichwa. Mimi nauona ni uvivu uliovaa kanzu.

Hebu, msomaji, tutazame Ulaya. Mwezi Mei 1982 Uingereza, nchi ya watu milioni 56, ilitaka kuzuia bei mpya za mazao katika Jumuiya ya Ulaya. Ugomvi wake hasa ulikuwa fedha ilizochangia katika bajeti. Bei za wakulima ilizishika kama rehani tu. Wenzake waliliona hilo, wakapiga kura, wakaipita.

Miaka miwili baadaye ikaja zamu ya maziwa. Maghala yalijaa siagi isiyo na mnunuzi, ikaamuliwa kila nchi ipangiwe kiwango, na atakayezidisha atozwe. Hesabu ilianzia maziwa ya mwaka 1981, na nyongeza ya asilimia 1. Ireland, yenye watu milioni 3 na nusu, ikakataa. Haikuulilia udogo wake. Ilionyesha kwamba uchumi wake uliegemea maziwa kuliko wa mwenzake yeyote, na kwamba wafugaji wake ndio kwanza walikuwa wanainuka. Machi 1984 Waziri Mkuu wake, Garret FitzGerald, alitoka nje ya mkutano wa wakuu mjini Brussels. Kabla ya mwezi kwisha, Ireland ikahesabiwa kwa maziwa ya mwaka 1983, tena kwa nyongeza.

Kutoka nje kwa hasira hata mtoto anaweza. Nguvu yake ilikuwa dai moja, la kweli, lenye tarakimu. Wapo wanaosema alikubaliwa kwa kuwa maziwa ya Ireland hayakuwagharimu wakubwa kitu kikubwa. Naam! Hiyo ndiyo faida ya udogo, na ndiyo tunayoitupa.

Sisemi alipata yote. Viwango vilidumu hadi mwaka 2015, na kijana asiyerithi kiwango alitaabika kuanza ufugaji.

Juzi nilimwuliza jirani yangu walikuwa wakienda mkutanoni na madai mangapi.

"Kumi na saba," akasema.

"Na la kwanza?"

Akaingia ndani kutafuta faili.