Cheti Peke Yake Hakimwokoi Mchezaji

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu ni la Wamarekani, lakini ukilichunguza linatuhusu hata sisi tunaokaa huku Tabora. Jambo lenyewe ni mafunzo ya vitendo wanayopewa watunza afya ya wanamichezo baada ya kwisha kufuzu.

Nianze kwa kueleza. Huko Marekani, pembeni mwa kiwanja, mbali na kocha na daktari, yupo mtaalamu mwingine wanayemwita treina. Jina hilo huwapotosha wengi wakadhani ni mtu wa kuwakimbiza wachezaji mazoezini. Sivyo. Kazi yake ni kuzuia majeraha, kumtambua aliyeumia, kumpa huduma ya kwanza palepale, na kumrudisha mchezoni taratibu. Chama chao kiliundwa mwaka 1950 katika mji wa Kansas City, na mwaka 1990 Chama cha Madaktari cha Marekani kikaitambua kazi hiyo kuwa moja ya kazi za afya. Anayeianza leo hana budi kusoma hadi digrii ya pili na kufaulu mtihani wa kupata cheti. Njia ya kuingia kwa digrii ya kwanza ilifungwa kwa wanafunzi wapya mwaka 2022.

Juu ya hayo yote ipo hatua nyingine, ambayo ndiyo kiini cha barua yangu. Treina aliyekwisha pata cheti anaweza kujiunga na residensi, yaani mafunzo ya kazini yasiyopungua miezi 12, chini ya uangalizi wa wataalamu wazoefu. Huchagua eneo moja la kulizamia, kama vile huduma za dharura, mifupa na viungo, afya ya watoto, au afya ya akili. Halazimishwi kufanya hivyo. Hapo residensi inatofautiana na utarajali wa madaktari wetu, ambao ni sharti la kupata usajili kamili.

Sasa wapo wanaouliza: mtu amesoma miaka yote hiyo, amefaulu mtihani, mwaka mwingine wa nini? Kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa anaisomea kazi hiyo hukohuko Marekani, aliniuliza swali hilihili kwa simu. Ana deni la ada, na wenzake wanaokwenda kazini moja kwa moja wataanza kupata mshahara kamili. Sikumjibu kwa nadharia. Nilimsimulia yaliyonipata mimi mwenyewe.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu wa michezo, nimepeleka vijana wangu katika mashindano ya shule. Nilikuwa na cheti cha huduma ya kwanza, nilichokipata baada ya semina ya wiki mbili. Saa nane mchana kijana wangu wa mbio ndefu alianguka, ngozi inachoma kama chungu kilichotoka motoni, anaweweseka na hanitambui. Katika daftari langu ilikuwa imeandikwa wazi kwamba mtu aliyezidiwa na joto hupozwa kwanza. Nilikuwa naijua sentensi ile kwa moyo. Lakini siku ile nilizunguka tu nikiuliza gari liko wapi. Waliomwokoa ni akina mama wapishi wa kambi. Walimvuta hadi penye pipa la maji, wakammwagia ndoo baada ya ndoo mpaka akaanza kutuita kwa majina. Wale mama hawakuwa na cheti chochote. Lakini jikoni mtu anapoungua hukimbilia maji kila siku, na mikono yao ilikuwa imezoea.

Ndugu Mhariri, nilidhani aibu ile ni ya nchi changa na ya mwalimu mmoja. Baadaye nikafahamu kuwa hata wenye kila kitu hupatwa na mkasa wa namna hiyo. Tarehe 29 Mei 2018, Jordan McNair, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Maryland, alizidiwa na joto mazoezini. Chuo kile kilikuwa na wataalamu waliofuzu. Hata hivyo uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kuwa hakuzamishwa katika maji baridi, na muda mrefu ulipita kabla hajapelekwa hospitali. Alifariki tarehe 13 Juni akiwa na umri wa miaka 19, na mwezi Agosti rais wa chuo alikiri hadharani kuwa chuo kinabeba wajibu wa kisheria na wa kimaadili kwa makosa yaliyofanyika. Sisemi kwamba residensi ingemwokoa kijana yule. Nasema kwamba kilichopungua siku ile hakikuwa vyeti.

Tazama upande wa pili. Katika mbio za barabarani za Falmouth, jimbo la Massachusetts, watu wa huduma ya kwanza wamezoea kila mwaka kuwapokea wakimbiaji waliozidiwa na joto, na kuwatumbukiza mara moja katika mabeseni ya maji ya barafu. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2015 ilihesabu wagonjwa 274 wa aina hiyo katika muda wa miaka 18. Wote walipona. Maji ni yaleyale na barafu ni ileile. Tofauti ni mazoea ya watu wanaoitumia.

Na tarehe 2 Januari 2023, katika mji wa Cincinnati, moyo wa mchezaji Damar Hamlin wa timu ya Buffalo Bills ulisimama kiwanjani mbele ya watazamaji wa nchi nzima. Treina msaidizi wa timu, Denny Kellington, alianza kumkandamiza kifua pale pale, na mchezaji huyo akaishi, hata akarudi kucheza. Ligi yao huzitaka timu zifanye mazoezi ya dharura kabla ya msimu, na kabla ya kila mchezo wahudumu wa pande zote mbili hukutana na kukumbushana nani atafanya nini. Kwa hiyo tukio lilipotokea hapakuwa na mtu wa kuuliza gari liko wapi.

Hivyo msimamo wangu ni kwamba mwaka ule wa ziada una maana kubwa. Darasa humpa mtu maarifa, lakini mwenye kuyatia maarifa hayo mikononi ni mzoefu anayesimama karibu naye, akamsahihisha leo, kesho akamwacha ajaribu, na keshokutwa akamwuliza kwa nini alifanya vile.

Hata hivyo tusishangilie kila kinachoitwa mafunzo. Huko Marekani, kwa miaka mingi, vyuo vilikuwa na desturi ya kuwachukua matreina vijana wenye vyeti, kuwalipia masomo ya digrii ya pili, na badala yake kuwakabidhi timu nzima waihudumie. Wengi walifanya kazi ya mtu mzima kwa posho ndogo, na aghalabu hapakuwa na mkubwa wa kuwaangalia. Yale yalikuwa kazi rahisi iliyovikwa joho la elimu. Ikiwa residensi nayo itageuka kuwa hivyo, basi kijana yule ana haki ya kuikataa. Kipimo nilichompa ni kimoja: auulize uongozi, mchezaji akianguka, ni nani atakayekuwa amesimama karibu nami? Wakishindwa kumtaja mtu huyo, hayo si mafunzo.

Jambo la pili ni la haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kama theluthi moja ya shule za sekondari za Marekani hazikuwa na huduma ya treina kabisa. Ni hatari kumwongezea ujuzi treina wa hospitali kubwa ilhali mtoto wa shule ya kijijini anakimbia juani bila mtu. Ingefaa sehemu ya mwaka ule itumike katika shule hizo, mradi mwalimu wake aende naye.

Sisi je? Mwezi Septemba 2023 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Viwanja vinazungumzwa sana, nyasi zinazungumzwa, taa zinazungumzwa. Lakini mchezaji hatibiwi na nyasi. Tunao vijana waliosomea fiziotherapia na uuguzi. Nashauri wahusika wawape msimu mzima wa kufanya kazi pembeni mwa viwanja vya ligi, kila mmoja chini ya mzoefu mmoja anayejulikana kwa jina, kwa posho ya kueleweka. Pia nashauri kila kituo cha michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA kiwe na pipa la maji, kivuli, na mtu aliyefanya zoezi la kumpoza mgonjwa, si aliyelisoma tu.

Kijana wangu amenijulisha kuwa ameomba nafasi ya residensi ya huduma za dharura. Nimefurahi. Yule mwanariadha wa mwaka 1988 naye ni mzima na ana wajukuu, lakini nikikutana naye bado naona haya, kwa sababu nilikuwa na cheti mfukoni naye akaokolewa na pipa la wapishi.

Mwalimu Mstaafu,
Tabora.