KAZI NA JAMAA: Kuomba barua ya ushuhuda kwa mukubwa wa kazi

Mwezi huu tunajibu ulizo la kijana mumoja wa Lualaba, infirmier A1 mu hospitali ya kampani. Anataka kuingia jeshi, upande wa kutunza wagonjwa, na ameambiwa atafute barua za ushuhuda kwa wale aliofanya nao kazi. Anaandika: «Nikienda kumuomba shefu, atajua kama nataka kuondoka. Na kama jeshi wananikatala, nitabaki fasi gani?» Ana miaka sita pa kazi, bibi na watoto watatu, na nyumba wanamolala ni ya kampani.

Ulizo hili si la mutu mumoja tu. Tangu Rais Tshisekedi alipoita vijana waingie jeshi, mu mwezi wa 11 mwaka 2022, na zaidi kisha Goma na Bukavu kuanguka mwanzo wa 2025, neno hili limeingia mu nyumba nyingi za centres zetu.

Kwanza tutenganishe karatasi mbili, maana watu wanazichanganya kila siku. Ya kwanza ni certificat ya kazi. Hiyo ni haki yako. Sheria ya kazi, ile tunaita Code du travail, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inasema: kazi ikiisha, hata ikiisha kwa sababu gani, mukubwa wa kazi analazimishwa kukupa karatasi yenye kuonyesha kazi uliyoifanya, siku uliyoanza, siku uliyomaliza, na namba yako ya INSS, ambayo leo inaitwa CNSS. Tena anakatazwa kuongeza neno lingine. Hawezi kuandika kama ulikuwa unachelewa. Lakini pia hawezi kuandika humo kama ulikuwa na mikono mizuri. Njo maana watu wanaomba karatasi ya pili, barua ya ushuhuda. Hiyo si haki, ni zawadi. Mutu anaweza kukukatalia, na hakuna tribinali itakayomulazimisha.

Sasa, uombe nani? Wengi wanakimbilia kwa dirkta, sababu ya jina na kashe kubwa. Dirkta hakujui. Atakupa mistari mitatu ambayo katibu wake anaandikia kila mutu. Enda kwa yule aliyeona mikono yako: infirmier mukubwa wa salle, munganga uliyelala naye zamu za usiku. Yeye anaweza kuandika mambo yenye uzito: umefanya miaka mingapi mu upasuaji, mingapi mu urgence, unafanya nini peke yako bila kusimamiwa, kama ulichunga funguo za farmasi na hesabu ikabaki sawa. Hilo la funguo, mimi naliona kubwa kuliko masifu yote.

Na usidharau yale unayoyaona kila juma mu hospitali ya mine. Mutu aliyeangukiwa na jiwe, mguu uliopondwa na mashini, ngozi iliyochomwa na asidi, watu wanne wanaingia kwa mara moja na wewe uchague nani wa kwanza. Infirmier wa kliniki ya utulivu hana masomo hayo. Omba munganga ayaandike waziwazi, kwa maana yanafanana na kazi ya kutunza majeruhi wa vita kuliko diplome inavyoweza kuonyesha.

Umupe karatasi moja ndogo yenye tarehe zako na salle ulimopita, na umupe juma mbili. Waganga wengine watakuambia: «Andika mwenyewe, mimi nitatia sinyatiri.» Ukatae kwa heshima. Barua tatu zenye kutoka mu kalamu moja zinajulikana mara moja, na utakuwa umejisifu wewe mwenyewe. Na kama mutu anaomba matabishi juu ya barua, umuache. Barua ya kununua haikushuhudii kitu.

Woga wa ndugu yetu ni wa kweli, hatumucheki. Lakini kuomba barua si kuacha kazi, na shefu afazali asikie toka kinywa chako kuliko toka kuluari. Useme hivi: «Munganga, tumefanya kazi pamoja miaka minne. Nataka kujaribu kuingia service ya santé ya jeshi. Sijaandika barua ya kuacha kazi, na sitaiandika mbele ya kupata jibu. Je, unaweza kuandika yale uliyoyaona kwangu?» Akisitasita, umushukuru na uende kwa mwingine. Mwenye kulazimishwa anaandika barua baridi, na barua baridi ni mbaya kuliko kukosa barua.

Jibu likitoka muzuri, usitoroke. Sheria inasema mukubwa wa kazi akikufukuza anapaswa kukupa préavis ya siku 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka muzima. Wewe ukiondoka mwenyewe, unatoa nusu. Kwa miaka sita: 14 na 42 ni 56, nusu yake ni siku 28. Soma pia convention collective ya kampani yako. Ukiondoka usiku, unaharibu jina la yule aliyekuandikia.

Karatasi zote utoe kopi. Original ibaki mu malle nyumbani. Zaidi ya watu 10,000 waliacha Gécamines mu départs volontaires ya 2003 na 2004, na jamaa nyingi zinajua taabu ya kutafuta karatasi ya baba aliyekwisha kuondoka.

Kuna jambo ambalo ndugu yetu hakuuliza. Code du travail haiwahusu askari. Siku unapoingia, sheria yako ni ile ya Januari 2013 juu ya hali ya askari wa FARDC. Hakuna sendika, hakuna préavis, na askari hapigi kura. Hospitali ya kampani, ambayo sheria inalazimisha mukubwa wa kazi atunze hata bibi na watoto, inaisha pamoja na mukataba. Nyumba vilevile. Basi barua ya kwanza ya kuomba ni neno la bibi yako, mukae jioni moja redio ikiwa imezimwa. Mutafute kwanza fasi watoto watalala.

Mama yake, tumesikia, analia kwamba mwana wa kanisa hawezi kuvaa nguo ya askari. Mama, mwaka 1944 na 1945 hospitali ya vita ya Force Publique ilifika mpaka Burma, na waganga wasaidizi wa Kongo walitunza humo majeruhi wa mataifa mengi. Mikataba ya Geneva ya 1949 inaamuru majeruhi wa adui atunzwe sawa na wa kwetu. Uongee na mwana wako juu ya hilo mbele ya kumukatalia. Padri au pasta anaweza kumuandikia barua juu ya mwenendo wake mu parokia. Juu ya sindano na bandeji, amuachie munganga.