Kaunta iuze hata mtandao ukikatika

Mkate uko kaunta, pesa iko mkononi mwa mteja, keshia yupo, umeme upo. Lakini mauzo hayafanyiki, kwa sababu mtandao umekatika na kompyuta haijui bei ya mkate. Tusiilaumu mikongo ya baharini. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika, Tanzania na Kenya zilikaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua, na kila mwenye duka aliona. Aliyeona hayo, kisha akanunua mfumo unaouliza bei makao makuu kwa kila bidhaa, alijitakia.

Tunalisema hili sasa kwa sababu maduka mengi yanabadilisha mifumo. Microsoft ilimaliza msaada wa matoleo ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa mpya, vitu ambavyo kompyuta nyingi za kaunta hazina. Wamiliki wanauliza kama wahamie Linux. Jibu letu ni ndiyo, hamieni. Mashine ileile ya zamani, ikiwekewa diski ya SSD na Linux nyepesi, itauza miaka mingine kadhaa. Tena ni halali, tofauti na zile Windows za kuchakachua zilizojaa madukani.

Wala si jambo la kubahatisha. Burlington Coat Factory, wauza nguo wa Marekani, walitangaza kuingiza Linux madukani mwao mwaka 1999. SUSE ya Ujerumani ilikuwa na toleo maalumu kwa ajili ya kaunta za maduka. Mashine ya kupokea kadi inayotumia Android nayo inaendeshwa na kiini cha Linux, na keshia anaishika kila siku bila kuogopa.

Visingizio tumevisikia. Cha kwanza ni kwamba vifaa havitakubali. Skana ya kawaida ikichomekwa hujitambulisha kama kibodi: inasoma msimbopau na "kuandika" namba, basi. Printa nyingi za risiti zinaelewa amri za ESC/POS, zilizoanzishwa na Epson, na droo ya fedha hufunguliwa na printa yenyewe kupitia waya wake. Hapo hakuna muujiza wa Windows. Vifaa vya kuangalia mapema ni viwili: mizani iliyounganishwa na kompyuta, na kifaa cha benki cha kadi. Hivyo vipimeni kabla hamjatoa hata shilingi.

Kisingizio cha pili ni kodi. Tanzania, mfumo wa risiti za kodi wa VFD wa TRA hupokea taarifa za risiti kupitia mtandao, zikiwa na saini ya kidijitali. Haubagui zimetoka kwenye Windows au Linux. Kenya nayo, KRA ilipoleta mfumo wake wa ankara wa eTIMS, iliweka njia ya VSCU kwa wafanyabiashara wenye ankara nyingi au wasio na mtandao muda wote. Mwulizeni aliyewauzia programu kama ameidhinishwa na mamlaka husika, na mpate jibu hilo kwa maandishi. Suala hilo linaishia hapo.

Sasa turudi kwenye mtandao, maana hapa ndipo fedha inapopotea.

Mashine ya risiti za kodi ya EFD, ile ambayo wafanyabiashara wengi wanainung'unikia, ilitengenezwa kwa akili. Inatoa risiti, inaweka kumbukumbu ndani yake, kisha inatuma TRA mtandao ukirudi. Kama kifaa cha kodi kinaweza kufanya hivyo, kwa nini programu ya duka ishindwe? Orodha ya bidhaa 20,000 pamoja na bei zake ni faili la megabaiti chache. Kila kaunta iwe na nakala yake. Keshia akiuza, mauzo yaandikwe kwanza kwenye diski ya mashine hiyohiyo, risiti itoke, mteja aende zake. Mashine ipeleke taarifa kwenye seva ya dukani baadaye, na seva ipeleke makao makuu. Usiku bei mpya zishuke kwa njia hiyohiyo. Malipo ya simu na kadi yatasubiri mtandao, hilo halina ujanja, lakini fedha taslimu haisubiri mtu.

Kuna mambo madogo yanayoharibu mpango huu. Kila kaunta iwe na herufi au namba yake mwanzoni mwa namba ya risiti, la sivyo kaunta mbili zitatoa risiti zenye namba moja na mhasibu atakesha. Saa zote zifuate saa ya seva ya duka. Betri ndogo ya kwenye ubao wa kompyuta ya zamani ikifa, mashine hurudi miaka ya nyuma, na risiti ya leo inatoka na tarehe ambayo mkaguzi hatakubali. Seva na kaunta ziwe na UPS, na sehemu ya diski inayobeba mfumo ifungwe isiandikwe ovyo, ili umeme ukikatika ghafla mashine iwake tena yenyewe bila kumwita fundi.

Haya yote ni kazi ya mezani kabla ya kununua chochote. Lakini kwetu mambo huanzia dukani: mwenye mali anaona kompyuta za bei nzuri, ananunua thelathini, ndipo anamwita fundi na kumwambia apange. Huko ni kununua mabati kabla ya kupima nyumba.

Chagueni tawi moja. Si lile la makao makuu ambako bosi anapita kila saa na fundi yuko ghorofa ya juu. Chagueni lenye foleni na umeme wa kusumbua. Mfumo ukae hapo mpaka upite mwisho wa mwezi mmoja mzima, mishahara ikitoka na kaunta zote zikiwa wazi. Msianze Desemba wala siku za kuelekea Idi. Makeshia waulizwe, tena waulizwe na mtu atakayeandika majibu yao, kwa sababu wao ndio wanaojua kwamba kitufe cha kufuta bidhaa kimewekwa jirani mno na cha kumaliza mauzo.

Tawi hilo likitulia, chukueni mfumo wake kama ulivyo, mtengeneze nakala moja, na nakala hiyo ndiyo iingie kwenye kila kaunta ya kampuni. Mashine ikifa, mtu achomeke flashi au aiwashe kupitia mtandao wa ndani, isubiriwe ijiandike upya, irudi kazini. Fundi asiruhusiwe kurekebisha kaunta moja kwa mkono wake na kuondoka. Kaunta ikishakuwa tofauti na nyingine, siku ya tatizo hakuna atakayejua ina nini ndani.

Linux peke yake haizuii balaa, na anayewaambia vinginevyo anawauzia kitu. Julai 2021 mtandao wa maduka ya Coop huko Sweden ulilazimika kufunga takriban maduka 800 kwa sababu makeshia hawakuweza kutumia mashine zao. Wahalifu wa mtandaoni hawakuzunguka duka hadi duka. Walipitia Kaseya, programu ya kusimamia kompyuta kwa mbali, iliyotumiwa na kampuni iliyohudumia mashine hizo. Ufunguo mmoja ulifungua kaunta zote. Kwa hiyo ulizeni: nani anaweza kuingia kwenye kaunta zetu akiwa mbali, kwa njia gani, na tunamfungiaje akiondoka kazini? Nywila moja ya "1234" inayojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi pale si jibu. Kila keshia aingie kwa jina lake, na kaunta ifungue programu ya mauzo tu. Kompyuta ya kuuzia si ya kuangalia video wala ya kuchapa kadi za harusi.

Na fedha ya leseni mliyookoa msiigeuze yote kuwa faida. Iende kwenye UPS, SSD, mashine mbili za akiba, na mafunzo ya watu wawili. Tunasisitiza wawili. Maduka mengi yana kijana mmoja mwenye nywila zote kichwani; akiugua au akipata kazi kwingine, kampuni nzima inabembeleza simu yake ipatikane. Kila kitu kiandikwe, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kiwekwe mahali ambapo meneja wa tawi anapafikia. Kiandikwe pia toleo la Linux mlilochagua litakoma lini kupata masasisho. Ubuntu za muda mrefu hupewa miaka 5 ya kawaida, na Debian hufikia 5 pia kwa huduma yake ya nyongeza. Wekeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya bajeti leo, msije mkashtukizwa tena kama mlivyoshtukizwa na Windows 10.

Mwenye duka, huhitaji mshauri ili uanze. Kesho, kabla ya kufungua mlango, nenda kwenye kaunta moja, chomoa waya wa mtandao, na mwambie keshia auze sabuni moja kwa fedha taslimu. Akishindwa, usisaini mkataba wa mashine mpya hata moja mpaka muuzaji aje akuonyeshe, pale pale kwenye kaunta yako na waya ukiwa umechomolewa, kwamba mfumo wake unauza.