Barua ya Karani: Vigingi Shambani



Juma lililopita nilikuwa nikinakili hesabu za parokia, mara mzee mmoja jirani yangu akapiga hodi. Mkononi ana kigingi chenye utepe mwekundu na namba. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu." (Watu hapa huniita mwalimu kwa kuwa nilisomea kazi hiyo chuoni, neno karani hawalipendi, na mimi nimekwisha zoea.) Akakiweka kigingi juu ya meza, akasema: "Hiki wamekichomeka katikati ya mahindi yangu. Nipalilie au niache? Watu wanasema nitalipwa nihame."

Sisi wa pande hizi za Mpanda habari za risasi twazijua. Sisemi risasi za bunduki, nasema madini yenyewe. Jiwe lake huitwa galena, zito ajabu kwa ukubwa wake, na ukilipasua huvunjika kama vijisanduku ving'aavyo. Mgodi wa Mukwamba ulitoa risasi hiyo miaka ya 1950, pamoja na shaba, fedha na dhahabu. Kwa ajili yake reli ililetwa kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200 za pori. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, na mji ukabaki. Tena mahali penye mgodi wa zamani watafutaji hawaachi kurudi, maana bei hubadilika, vyombo hubadilika, na mawe yaliyodharauliwa na babu huenda yakatakiwa na mjukuu.

Nikamweleza mzee jinsi kazi yao inavyoanza. Kwanza husoma ramani na taarifa za zamani. Kisha hutembea, huchekecha mchanga wa vijito, huchimba vishimo vidogo kwa mstari ulionyoka, hutia udongo kidogo mfukoni, huandika namba, na kigingi huonyesha mahali ulipotoka. Udongo hupelekwa kupimwa. Risasi haisafiri mbali ardhini, basi ikionekana nyingi mahali fulani, yamkini mwamba wake u karibu. Hapo ndipo huchimbwa mahandaki, na baadaye huja mashine ya kuchoronga, itoayo mwamba kama fimbo ndefu. Mashimo mengi huchorongwa kabla mtu hajathubutu kusema pana mgodi. Na sehemu nyingi haziendi hata mbali hivyo; zaishia kwenye ile mifuko ya udongo.

Mzee akakitazama kigingi chake. "Kumbe wanauliza tu," akasema.

Nasema haya kwa uchungu, maana nimeona nyumba moja iliyoacha kulima kwa ajili ya vigingi kama hivyo. Baba alingoja fidia mwezi wa Novemba, akangoja Desemba, mvua ikapita. Kufika Machi mkewe alikuwa akinunua unga kwa kibaba. Waliochukua udongo hawakurudi hata kuvichukua vigingi vyao.

Lakini haki ipo. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010, mwenye leseni ya utafutaji hana ruhusa kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba ya mtu, wala ndani ya mita 50 za shamba lililolimwa, bila kibali cha maandishi cha mwenye mahali. Akiharibu mazao, hana budi kufidia. Mzee hakuulizwa neno, wala hakutia sahihi popote. Basi tukaandika barua kwa Mtendaji wa Kijiji: leseni ni ya nani, na nani aliwaruhusu kuingia? Tukaandika pia idadi ya mashina ya mahindi yaliyokanyagwa, kwa kuwa mzee alikuwa ameyahesabu yote, mashina 46.

Alipoinuka kwenda, nikamwuliza wajukuu wanachezea wapi. Akasema kwenye mawe aliyoyaleta kijana wake, ambayo huyaponda uani akitafuta dhahabu. Hapo nikamketisha tena. Katika jimbo la Zamfara, Nijeria, mwaka 2010, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi, kwa sababu mawe ya dhahabu yenye risasi ndani yake yalisagwa majumbani. Na Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994, lakini vumbi lake lingali katika nyua, na sumu imo katika damu ya watoto. Mtoto hutambaa, hutia mkono kinywani, na ubongo wake ungali unakua. Sumu hii haina harufu, wala haiumi siku ile ile. Mawe yapondwe mbali na nyumba na kisima, kijana abadili nguo na kunawa kabla hajamshika mtoto, na mchanga wa marundo ya mgodi wa zamani usiletwe kusiriba nyumba. Mtoto aliyekwisha kulichezea vumbi hilo apelekwe zahanati, na mganga aambiwe wazi alichochezea.

Mzee alirudi na kigingi chake akakichomeka pale pale kilipokuwa, maana si mali yake. Jumapili baada ya Misa aliniambia mawe yamehamishwa, ingawa kijana amenuna. Barua tuliipeleka Jumatatu, na Mtendaji hajajibu. Mahindi yamefika kiunoni, yamepaliliwa pande zote za kigingi.