Ufanisi na Kutegemeka kwa Mifumo Endeshi: Tatizo la Istilahi

Wataalamu wanapoisifu mifumo endeshi ya kompyuta za mezani, hutaja sifa mbili kwa pamoja: ufanisi na kutegemeka. Katika maandishi yetu pia maneno haya yamezoea kuandamana kama mapacha. Kwa maoni yangu mapacha hawa hugombana, na istilahi zetu humficha mtumiaji ugomvi huo.

Tuangalie utendaji wenyewe. Mtu anapotoa amri ya kuhifadhi, mfumo endeshi, usipolazimishwa vinginevyo na programu, hauandiki diskini papo hapo. Huyaweka maandishi katika kumbukumbu ya muda, iliyo na kasi zaidi, kisha huyapeleka diskini baadaye. Katika Linux, kwa mpangilio wa kawaida, kungoja huko kwaweza kufika sekunde 30 hivi. Huo ndio ufanisi. Umeme ukikatika katika kipindi hicho, kilichoitwa "kimehifadhiwa" hakikuhifadhiwa.

Dawa iliyobuniwa ni aina ya daftari. Mwaka 2001 Linux iliingiziwa ext3, na mwaka huohuo Windows XP ilieneza NTFS katika kompyuta za nyumbani. Mifumo hii ya mafaili huandika kwanza badiliko inalokusudia, ndipo ilitekeleze, mithili ya mwenye duka wa Tandika anayeandika deni kabla ya kupima sembe. Umeme ukirudi, daftari husomwa na kazi iliyokatizwa hukamilishwa au kufutwa. Lakini yafaa ieleweke kwamba daftari hilo mara nyingi hulinda mpangilio wa mafaili tu, si maneno yaliyomo. Faili laweza kusalimika na kurasa zake zikawa tupu.

Wakati wa mgawo wa umeme wa mwaka 2011, mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akichapiwa tasinifu katika duka moja huko Temeke. Umeme ulikatika, ukarudi. Skrini ikaeleza kwa Kiingereza kwamba diski yahitaji kukaguliwa, na asiyetaka ukaguzi abonyeze kitufe chochote ndani ya sekunde 10. Kijana mchapaji akabonyeza, kama alivyozoea kila siku. Baada ya wiki mbili sura ya tatu ilikataa kufunguka. Siwezi kuthibitisha kwamba kitufe kile ndicho kilicholeta hasara. Ninachojua ni kwamba kijana yule hakufahamu alichokuwa anakikataa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004. Ilikuwa kazi ya kupongezwa, ila ilihusu programu za ofisi. Tabaka la chini, linalosema umeme unaporudi, halikuwa sehemu yake. Nasi wanaisimu tulikwisha kutumia nguvu nyingi kubishania kama mashine iitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi!

Kitenzi "kutegemeka" kimo katika kauli ya kutendeka, nacho hakina maana pasipo mtu anayetegemea. Mtu huyo, Mwananyamala au Mbagala, anastahili kuambiwa ukweli wa hali ya kazi yake. Napendekeza basi tutenganishe istilahi mbili: "imepokewa", kwa maandishi yaliyo bado katika kumbukumbu ya muda, na "imehifadhiwa", kwa yale tu yaliyokwisha kufika diskini.